Verlyn Akataa Mkopo wa Gari-Nyumba

(Sehemu ya saba)

"Mama Ardis," alisema binti wa mikopo, kidole bado kimebana mstari wa tatu wa fomu, "hili gari limetengenezwa mwaka 1997?"

Hapo ndipo nilipowakatia Ijumaa iliyopita, na najua wapo walionitukana. Nitukaneni tu, mimi nalipwa kwa kazi hiyo. Jibu hili hapa.

"Ndiyo," alisema Ardis. "Tisini na saba. Lakini ukiliona huwezi kusema."

"Sheria yetu ni gari lisizidi miaka kumi na tano."

"Limelala ghalani muda wote," Verlyn alidakia. "Mvua inalisikia tu kwa mbali."

"Mzee, gari hili na mimi tumezaliwa mwaka mmoja."

"Na wewe pia umetunzwa vizuri," alisema Verlyn, kisha masikio yakamwiva kwa aibu na mkewe akamfinya chini ya meza.

Kwa wewe uliyedandia leo, nakuchapia haraka. Verlyn Tollefsrud ni dereva mstaafu wa basi la shule. Mkewe Ardis alipakua chakula cha wanafunzi miaka thelathini na mmoja. Wameuza nyumba yao pale Nordby, Minnesota, na Jumanne mwenye nyumba mpya anaingia na makochi yake. Fedha za nyumba? Zimeishia kwenye deni la benki na kwenye magoti mapya mawili ya Verlyn.

Ardis anataka jambo moja tu duniani. Anataka kufika Yuma, Arizona, kwa dada yake Corinne, ambaye hajamtia machoni mwaka wa tisa huu. Ndege hapandi, masikio yake hayawezi na daktari amempiga marufuku. Gari-nyumba la mzee Harlan Ruud ndilo litakalomfikisha, lenye kitanda, jiko, na choo chenye mlango unaofungwa ukiupiga teke. Harlan amesema atawasubiri mpaka leo saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo anamuuzia mtu mmoja wa Fargo anayekuja na fedha taslimu.

Na leo hiyo ni Ijumaa, saa nane na nusu mchana, ndani ya Saccos ya Wakulima wa Nordby.

"Basi," alisema Ardis kwa sauti ndogo. "Tulijaribu."

"Nani kasema basi?" Binti alisimama. Jina lake Marisela Treviño, mtoto wa Laredo, Texas. Alikuwa na wiki tatu tu tangu ahamie huku kwenye baridi, na humo humo ofisini alivaa makoti mawili. "Kamati ya mikopo inakaa leo chumba cha nyuma. Nisubirini."

Alikwenda. Dakika kumi. Dakika ishirini. Nyuma ya mlango zilisikika sauti za wazee watatu, kisha kicheko, kisha kimya. Ardis alichana karatasi laini ya kupengea mafua vipande vidogo vidogo akavipanga kwenye paja.

"Wamecheka," alinong'ona.

"Wanatucheka sisi," alisema Verlyn.

"Au wamefurahi."

"Wale? Mmoja wao nilimfundisha udereva. Hajawahi kufurahi."

Mlango ukafunguka. Marisela alitoka mbio mbio, meno yote nje.

"Wamekubali!"

Ardis alishika meza.

"Wamesema ninyi ni wanachama tangu 1979 na hamjachelewesha rejesho hata moja. Kwa hiyo wataivunja ile sheria ya umri, kwa ajili yenu tu. Dola elfu kumi na tisa, miaka saba. Sharti ni moja: kadi ya gari, imesainiwa, iwe hapa mezani kwangu Jumatatu saa tatu asubuhi. Isipofika, mkopo umekufa. Niandike hundi?"

Moyo wa Verlyn ulicheza ngoma. Alitaka kumkumbatia binti wa watu, na makoti yake yote mawili. Alifungua kinywa.

"Ah, hapana," alisema. "Hapana, mwanangu. Msivunje sheria kwa ajili yetu."

Jamani! Jamani, jamani!

Tulia nikueleze, maana wewe ungemrushia kiatu. Hawa watu wa Minnesota hawapokei kitu mara ya kwanza. Ukimpa kahawa, anakataa. Ukimbembeleza, anakataa tena. Ukimpa mara ya tatu, hapo anasema haya, kidogo tu basi, na anakunywa birika zima. Ndiyo adabu yao. Anayepokea mara ya kwanza anaonekana mlafi, na jina hilo litamfuata mpaka kaburini. Mimi nimeishi nao miaka kumi na minne. Mwaka wa kwanza nilikuwa naandaa keki, nawakaribisha mara moja, wanakataa, naila peke yangu, wao wananikodolea macho. Nilinenepa bila kujua kosa langu.

Kwa hiyo Verlyn alikuwa amekataa ile ya kwanza, kiungwana kabisa, na sasa alikaa akisubiri abembelezwe.

Laredo hawana mambo hayo.

"Oh," alisema Marisela. Tabasamu lilimdondoka. "Sawa, mzee. Naheshimu uamuzi wako."

Akabonyeza kompyuta. *Ombi limeondolewa na mwombaji.* Akachukua fomu, ile yenye saini tatu za kamati zenye wino mbichi, akaitia kwenye mashine ya kusaga karatasi.

Grrrrrr.

Wale wawili waliitazama fomu ikiteremka kama tambi.

Ardis alikuwa na mdomo wazi. Verlyn bado alikuwa anasubiri ile ya pili. Sekunde zilipita. Mwishowe akafanya wanachofanya wote kwao ili mwenyeji ashtuke na kuwabembeleza: akapiga magoti yake mapya kwa viganja, paa! akasema, "Haya basi!"

Mwenyeji wa Minnesota angeruka hapo. Angesema, jamani mnaondoka, hata hamjakaa, hebu kaeni. Mtoto wa Laredo aliwafungulia mlango.

"Safari njema," alisema, na machozi yanamlenga. Maskini, alidhani amewaudhi.

Ndani ya gari lao dogo, vioo vilijaa ukungu kwa hasira ya Ardis.

"Verlyn."

"Najua."

"Verlyn, umekataa mkopo."

"Nimekataa mara moja tu!"

"Ametoka Texas!"

"Huwa ni mara tatu, Ardis! Kila mtu anajua ni mara tatu! Hata mbwa wa Gaylen anajua, humpi mfupa akapokea hapo hapo!"

"Basi mbwa wa Gaylen ndiye utakayelala naye, maana Jumanne tunahamia chumba cha chini kwa kaka yako!"

Verlyn alifumba macho. Gaylen, kaka yake, alikuwa anapiga kinanda cha kodiani. Kila alfajiri. Alijua nyimbo nne.

"Nenda wewe ukaseme naye," alisema Verlyn.

"Niseme nini?"

"Useme tunautaka."

"Nimwambie *tunataka*? Hivi hivi? Kama majambazi?"

Simu ikalia. Alikuwa Harlan, mwenye gari-nyumba, sauti yake ya upole imejaa kahawa.

"Sipendi kuwasumbua," alisema Harlan.

"Hutusumbui hata kidogo," alisema Verlyn.

"Kama mna shughuli nitapiga kesho."

"Harlan! Sema!"

"Ni kwamba yule bwana wa Fargo amewahi. Yuko hapa jikoni. Mtu mzuri sana. Amevaa soksi za kufuma."

"Amekutolea fedha?"

"Amezitoa. Ziko mezani, kwenye bahasha."

"Wewe ukasemaje?"

"Nikasema ah, hapana, weka fedha zako, kunywa kwanza kahawa."

"Umekataa mara ngapi, Harlan?"

"Moja."

"Yuko kikombe cha ngapi?"

"Cha kwanza. Kinaelekea kuisha." Harlan alishusha sauti. "Verlyn, mimi nataka gari lichukuliwe na ninyi. Lakini nikishakataa mara mbili, ya tatu nitakataaje? Nitakuwa mtu wa namna gani?"

Simu ikakatika.

Umeona mkasa huo? Saa ya ukutani haina maana tena. Sasa saa ni vikombe vya kahawa vya Harlan, na kikombe cha tatu ndicho cha kuuza gari.

"Nipishe," alisema Verlyn. "Nimesahau kofia ndani."

"Kofia unayo kichwani."

"Anajua yeye?"

Alirudi ndani akichechemea. Ardis alimfuata hatua tatu nyuma akijifanya anasoma matangazo ukutani.

"Mzee?" Marisela aliinua macho mekundu.

"Nilipita tu," alisema Verlyn. Alitazama dari. "Ofisi nzuri. Watu wanapata mikopo humu, nadhani."

"Ndiyo, mzee."

"Mtu akipata mkopo, hakosi raha."

"Hakosi."

"Hata mtu aliyekuwa hautaki sana... mtu wa namna hiyo akiulizwa tena, huwezi kujua."

"Pole, sijakuelewa, mzee."

"Tena huwa wanaulizwa hata mara ya tatu. Wapo wanaoulizwa." Jasho lilimtoka Verlyn. Alielekeza macho kwenye mashine ya kusaga. "Karatasi nzuri zile. Mnazo nyingine?"

"Unahitaji karatasi?"

"Ah, hapana, usijisumbue."

Hapo Ardis alishindwa. Miaka sitini na nne mwanamke huyu hajawahi kusema anataka kitu. Siku ya ndoa aliulizwa anataka keki ya namna gani, akasema yoyote tu, akapewa ya ndimu, na ndimu inamtoa vipele. Alizaa, wauguzi wakamuuliza anataka dawa ya maumivu, akasema wapeni wengine kwanza. Sasa alikuja mpaka mezani, akaweka mkoba juu ya karatasi za Marisela, na midomo ikamtetemeka.

"Nataka," alisema.

Verlyn aligeuka kana kwamba mkewe amevua nguo.

"Nataka ule mkopo. Nautaka sana. Niliutaka tangu ulipotoka mlango ule na meno nje. Nataka gari la Harlan lenye choo kibovu. Nataka kumwona dada yangu kabla mmoja wetu hajafa, na Yuma hakuna mtu mwingine atakayenifikisha. Mume wangu alipokukatalia alikuwa anafurahi. Sisi ndivyo tunavyofurahi. Ni upuuzi, najua ni upuuzi, lakini ndivyo tulivyolelewa. Nataka, binti. Nataka, nataka, nataka!"

Karani wa dirisha la pili aliacha kazi akashika kifua.

Kisha Marisela akaangua kicheko cha ajabu, kicheko na kilio pamoja, akajifuta kwa mkono wa koti la juu.

"Kwa nini hamkusema? Nilidhani nimewatukana! Wiki tatu nzima watu wananikatalia! Nimeleta tamale za mama yangu hapa kazini, zile za unga wa mahindi na nyama, kila mtu amesema hapana ahsante, nimezitupa!"

"Umezitupa?" alisema karani wa dirisha la pili, kwa uchungu wa kweli.

"Bibi yangu hakuulizi," alisema Marisela. "Anakuwekea sahani, unakula. Ngoja!" Vidole vilishaanza kucheza kwenye kompyuta. "Naweza kulirudisha ombi. Fomu mpya ninayo. Lakini nahitaji zile saini tatu tena, za wino, na kamati ilifunga kikao dakika arobaini zilizopita. Wameshakwenda nyumbani."

Ardis aliketi chini, pu. Lakini Verlyn alinyanyua kichwa taratibu, na mwanga ukamjia usoni.

"Walifunga kikao," alisema, "au walianza kuagana?"

"Kuna tofauti gani?"

"Binti yangu, chungulia dirishani."

Marisela alichungulia. Nje, kwenye egesho, theluji ya kwanza ya Oktoba ikiwadondokea mabegani, wazee watatu wa kamati walikuwa wamesimama kando ya gari moja. Mmoja alikuwa ameshika kitasa cha mlango. Mwingine alikuwa anasema "haya basi" kwa mara ya sita. Wa tatu alikuwa amekumbuka habari ya binamu yake.

Dakika arobaini. Na hata kitasa walikuwa hawajakivuta.

Marisela aliruka meza. Haki ya Mungu, aliiruka, makoti mawili yakipepea. Kupitia kioo wakamwona anawavamia wazee na kalamu. Wazee wakarudi nyuma. Mmoja akainua viganja, na midomo yake ilisomeka wazi: ah, hapana. Marisela akamshika mkono, akamwekea kalamu katikati ya vidole, kama bibi yake wa Laredo anavyoweka sahani. Akasaini. Wote wakasaini.

"Nimeelewa sasa," alisema aliporudi, anahema. "Ninyi hamuulizwi. Ninyi mnashikwa."

Saa tisa na dakika hamsini hundi ilikuwa mkononi mwa Ardis. Marisela aliwasindikiza mpaka mlangoni.

"Kadi! Jumatatu saa tatu asubuhi! Wale wazee wamesema hawatavunja sheria mara mbili!"

Kutoka Saccos mpaka kwa Harlan ni maili kumi na moja. Verlyn aliendesha kama anavyoendesha siku zote, maana miaka thelathini ya basi la shule haifutiki. Kwenye njia panda isiyo na gari hata moja alisimama, akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama kushoto tena.

"Kanyaga, Verlyn!"

"Kuna alama ya kusimama."

"Kuna kikombe cha pili!"

Walipofika, hawakupiga hodi. Hilo pekee lingetosha kuzungumzwa Nordby mpaka Krismasi. Ardis alisukuma mlango wa jikoni.

Harlan Ruud, miaka themanini na miwili, alikuwa amesimama na birika mkononi. Mbele yake alikaa bwana mmoja mnene mwenye uso wa wema na soksi za kufuma kweli. Katikati yao kulikuwa na bahasha, sahani ya lefse, zile chapati zao za viazi, na kikombe. Kikombe kilikuwa kimejaa. Mvuke ulikuwa unatoka.

"Cha ngapi?" aliuliza Verlyn.

"Cha tatu," alisema Harlan, macho yamejaa huzuni.

Bwana wa Fargo alisukuma bahasha taratibu kwa kidole kimoja. "Basi mzee wangu, kwa mara nyingine nakuomba, kama haitakuwa usumbufu..."

Harlan alifungua mdomo. Neno lilikuwa limeshapanda kooni. "Haya, basi, kama unasisi..."

"NATAKA GARI!" alipiga kelele Ardis.

Birika likamponyoka Harlan. Lefse zikaogelea kahawa. Bwana wa Fargo alishika kiti kwa mikono miwili. Kwao Fargo nako hawajazoea.

"Hundi hii hapa," alisema Ardis, na safari hii hakutetemeka. "Dola elfu kumi na tisa. Nalitaka gari lako, Harlan, na ninalitaka sasa hivi."

Bwana wa Fargo alitazama hundi. Alitazama bahasha yake. Akatazama uso wa mama yule, kisha adabu yake yote, ya baba na ya babu, ikamjia juu.

"Ah," alisema, "basi lichukueni ninyi. Mimi sina haraka hata kidogo. Chukueni."

Unaona mtego huo? Bwana yule alikuwa anawapisha ile ya kwanza. Alitegemea wakatae. Wangekataa, angewapisha tena, wangekataa tena, ya tatu asingeitoa, gari angelichukua yeye na wote wangeonekana watu wa heshima. Na Verlyn, mume wetu, bingwa wetu, mtu aliyetiwa akilini somo zima mchana huu, alitabasamu kwa wema na kufungua kinywa.

"Ah, hapa..."

Ardis alimkanyaga. Alimkanyaga kwa kisigino, kwa nguvu ya miaka thelathini na mmoja ya kusimama jikoni.

"Ahsante," alisema Ardis. "Tumepokea."

Bwana wa Fargo alipepesa macho. Alisubiri kidogo, labda kuna kosa. Hakukuwa na kosa. Akaichukua bahasha yake iliyolowa kahawa, akapiga magoti kwa viganja, paa! akasema haya basi. Hakuna aliyembembeleza.

Alipoondoka, na kusema kweli aliondoka kwa dakika ishirini na tano, wale watatu walitazamana kisha wakapasuka. Harlan alicheka mpaka akalazimika kuushika ukuta. Verlyn alicheka akiruka kwa mguu mmoja. Ardis alicheka na kulia na kula lefse iliyolowa kahawa, akaiomba na ya pili kwa mdomo wake mwenyewe, "nataka nyingine," na neno lile likawachekesha upya wote.

"Ufunguo huu," alisema Harlan, akauweka kwenye kiganja cha Ardis. "Kadi nayo ni hii... ngoja. Huwa iko droo hii." Alivuta droo. Alivuta ya pili. "Ajabu. Nilitia saini yangu jana, nikairudisha hapa hapa."

"Mkeo hajui ilipo?" aliuliza Verlyn.

"Eunice? Kulikuwa na mgeni, akasema anatoka kidogo kupunga hewa." Harlan alikuna kichwa. "Muda sasa."

Ardis hakuwa na subira ya droo. Aliwaacha wanaume wanapekua, akavuka uwanja kwenye theluji, akaingia ghalani.

Gari-nyumba lilikuwa pale, refu, jeupe lenye michirizi ya kahawia, na taa moja ya mbele ina ukungu. Alilipapasa ubavu. Alifungua mlango, akapanda ngazi mbili, akajitupa kwenye kiti cha dereva, akashika usukani na kupiga ukelele kama msichana wa miaka kumi.

"Funga mkanda," ilisema sauti.

Ardis nusura aruke dirishani.

Kwenye kiti cha pembeni alikaa Eunice Ruud, miaka themanini, mkanda ameshafunga. Alivaa koti la kanisani na kofia. Miguuni kulikuwa na begi dogo. Juu ya mapaja, mkoba, na mikono miwili juu ya mkoba.

"Eunice! Unafanya nini humu? Wanakutafuta!"

"Hawanitafuti mimi. Wanatafuta kadi." Alifungua mkoba inchi moja, akaufunga. "Ninayo."

"Mungu wangu, ahsante. Nipe basi, tunaihitaji Jumatatu."

"Soma kwanza majina."

Alimfungulia tena. Ardis alisoma. Harlan Ruud na Eunice Ruud. Kwenye Harlan palikuwa na saini. Kwenye Eunice palikuwa peupe.

"Gari ni letu wawili," alisema Eunice. "Bila mkono wangu halijauzwa. Harlan amelisahau hilo. Ana mengi aliyoyasahau."

"Basi tia saini, Eunice. Kalamu ninayo."

"Miaka ishirini na minane," alisema Eunice, akitazama mbele kwenye mlango wa ghala, "gari hili limekwenda ziwa lile lile kuvua samaki wale wale. Tulipolinunua aliniuliza, Eunice, ungependa siku moja twende mbali, tuone majangwa? Nikasema ah, hapana, hapa panatosha."

Ardis aliachia usukani.

"Nilikuwa nasubiri aniulize tena," alisema Eunice. "Hakuuliza."

Theluji ilisikika ikigonga paa la bati. Nje, sauti za wanaume zilikuwa zinakuja, Harlan anaita, Verlyn anaita.

"Nimekusikia jikoni kwangu," alisema Eunice. "Nilikuwa nje ya dirisha. Nimesikia lile neno ulilosema, na nimekuwa nikilifanyia mazoezi humu ndani." Alivuta pumzi, na mashavu ya bibi yule yakapata rangi. "Nataka kwenda Yuma. Nitatia saini Yuma."

"Yuma ni mwendo wa siku nne! Jumatatu mkopo unakufa! Sitakuwa na gari, sitakuwa na..."

"Basi utaendesha haraka kuliko mumeo, na kadi itarudi Nordby kwa ndege."

Mlango ulitikiswa. Uso wa Harlan ulitokea kwenye kioo, umechanganyikiwa, na nyuma yake Verlyn akipunga mikono.

"Eunice!" aliita Harlan. "Unafanya nini humo? Shuka, kahawa imemwagika!"

Eunice alinyoosha mkono, akabonyeza kitasa. Mlango ukajifunga ndani. Kisha akamgeukia Ardis, na macho yake yalikuwa yanang'aa kwa machozi na kwa raha.

"Washa," alisema.

Ardis alimtazama mumewe kupitia kioo. Aliutazama mkoba. Kisha akautia ufunguo, akauzungusha, na lile gari la mwaka 1997 likanguruma mara ya kwanza tu, bila kubembelezwa.